Kareizi Tena, Nilipe au Nitupe?

Mwezi huu barua ni nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja: kuna mtu kareizi, yaani kapandisha beti, mi nimekaa hapo na karata zangu sijui nilipe au nitupe. Nimechagua sita. Kwa mgeni wa safu hii, tunaongelea poka ya limiti, ile ambayo beti ina saizi yake na huwezi kusukuma chipu zote mezani hata uwe na hasira vipi. Tuseme meza ya 2/4, kabla ya flopu (karata tatu za kwanza za wote zinazofunuliwa mezani, we una mbili zako mkononi) na kwenye flopu yenyewe unabeti 2 tu, karata ya nne na ya tano, hiyo ya tano ndo riva, unabeti 4, na sehemu nyingi kila raundi inaruhusu beti moja na reizi tatu afu mlango unafungwa. Shika hilo maana karibu majibu yote ya leo yanatokea hapo.

*Anko shikamoo. Nilikuwa na ree na kingi, nikareizi kabla ya flopu, akanifuata jamaa mmoja tu, yule wa blaindi kubwa (beti ya lazima kabla ya karata). Flopu ikaja kingi, tisa, nne, flashi (karata tano za alama moja) haipo. Akacheki (akapita bila kubeti), nikabeti, akalipa. Karata ya nne ikawa saba, akacheki, nikabeti, ndo akanireizi. Huyu mtu ni mpole, usiku mzima sijamuona akimreizi mtu. Nikalipa. Riva ikaja mbili, akabeti, nikalipa tena, akafunua tisa na saba. Rafiki yangu mmoja anasema nilicheza sawa maana poti (chipu zote zilizowekwa katikati) ilikuwa kubwa, mwingine ananiita mjinga. Nani mkweli? – Mlipaji Sugu*

Marahaba mwanangu. Tuhesabu kwanza, matusi baadaye.

Kabla ya flopu we uliweka 4, yeye 4, blaindi ndogo alitupa akaacha 1, hiyo ni 9. Flopu 2 na 2, ikawa 13. Karata ya nne umeweka 4 naye kaweka 8, sasa poti ni 25 na unadaiwa 4. Hapo ndo rafiki yako wa kwanza anasema nalipa 4 nigombanie 25, bei ya bure hiyo. Ila bei sio hiyo. Mtu akikureizi karata ya nne, riva atabeti tu, kwahiyo kama unalipa kwa nia ya kuona karata zake unalipa 8, sio 4, na unachogombania ni 29, yaani zile 25 pamoja na 4 atakazoongeza riva. Nane kwenye jumla ya 37 ni kama asilimia 22. Kwa maneno mengine, kwenye kila mara tano ambazo mtu huyu anakufanyia hivi, unatakiwa uwe mbele yake mara moja na kidogo zaidi ndo ulipe mpaka mwisho bila hasara.

Sasa jiulize mwenyewe, mtu mpole, hajareizi usiku mzima, anakuona we uliyereizi kabla ya flopu na kubeti mara mbili mfululizo, afu anaamua kukureizi pale ambapo beti zimeshakuwa kubwa. Huyo ana kingi na kwini? Mpole mwenye kingi na kwini analipa tu kimya kimya mpaka mwisho, akihofia ree yako. Mi nimecheza na watu wa aina hii miaka mingi na nakwambia mara tano huwa hazina hiyo moja, labda mara ishirini.

Subiri lakini, usikimbilie kusema rafiki wa pili kashinda. Hata ukiwa nyuma bado una karata za kukuokoa na hili watu wanalisahau kabisa. Dhidi ya tisa na saba ulikuwa unaokolewa na ree tatu, kingi mbili, na nne tatu (nne ikijirudia mezani we unapata jozi ya kingi na jozi ya nne, yeye anabaki na tisa na saba zake, unampita). Hizo ni karata nane kati ya 44 ambazo hazijaonekana, asilimia 18. Ila angekuwa na kingi na tisa zinakuokoa ree tatu tu. Na angekuwa na tisa tatu au saba tatu, huokolewi na kitu, hata ree ikija unazidi kuumia maana utalipa kwa furaha. Ukichanganya zote pamoja unapata nafasi kama moja kati ya kumi, na bei ya kulipa 4 ili uone riva tu inataka karibu moja kati ya nane hata ukihesabu beti utakayomla ukipata. Pungufu, ila sio pungufu sana.

Kwahiyo jibu langu ni hili na halitamfurahisha rafiki yeyote kati ya hao wawili. Kwa mpole wa namna hiyo mi natupa palepale karata ya nne, ree na kingi au sio. Ukilipa mara ya kwanza ukitegemea kuokolewa, kosa lako ni dogo, sikuchapi. Kosa lenye gharama ni lile la pili, riva imekuja mbili, haijakusaidia chochote, na bado unalipa. Najua kilichokuwa kichwani mwako, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mezani huo msemo unakula hela za watu kila siku, unaruhusiwa kabisa kuvua nguo, ukaonja maji kwa kidole, ukavaa ukaondoka.

Ila sasa chukua karata zilezile, poti ileile, muondoe mpole muweke yule mwehu wa meza ambaye anareizi akiwa na jeki na kumi, anareizi akiwa na hasira, anareizi kwa sababu hajareizi dakika mbili. Huyo unalipa zote mbili bila hata kukunja uso, na ukimjua vizuri unamreizi tena karata ya nne. Mi mara nyingi nalipa tu, maana mwehu ukimreizi anaweza kuzinduka akatupa, ukimlipa ukionyesha sura ya huzuni anaendelea kukubetia riva na takataka yake. Karata zako hazijabadilika hata moja. Kilichobadilika ni nani kaziweka hizo chipu.

*Anko habari za kazi. Nina wiki sasa silali vizuri. Riva, tuko wawili, nina jozi ya kati tu, poti ina beti kubwa nane. Jamaa kabeti, nikafikiria weee, nikatupa. Akafunua hana kitu, kakosa flashi. Nimejuta mpaka leo. Nifanyeje nisijute tena? – Sina Usingizi*

Dada yangu, majuto yako yana thamani, na nitakwambia kwa nini.

Poti nane, yeye kaweka moja, zimekuwa tisa, we unadaiwa moja. Ukilipa kimakosa umepoteza beti moja. Ukitupa kimakosa umepoteza tisa. Yaani ungeweza kulipa mara kumi, ukapigwa mara tisa mbele ya watu ukaonekana huna akili, ukashinda mara moja tu, na ungekuwa hujapata hasara hata ya chipu moja. Wenzetu wa poka isiyo na limiti hawana bahati hii, kule mtu anabeti saizi ya poti nzima na unatakiwa uwe sahihi mara moja kati ya tatu. Huku kwetu riva ni duka la bei nafuu, na wengi wanaotoka kule wanakuja huku na tabia yao ya kutupa tupa, wanaliwa polepole bila kuelewa wanaliwa na nini.

Sasa ligeuze, kaa kwenye kiti chake. Akiweka moja kupiga mkwara kugombania nane, anahitaji utupe mara moja tu kwenye kila tisa ili arudishe hela yake. Ukitupa zaidi ya hapo anafaidika kubeti na karata yoyote ile, hata asipoziangalia. Kwahiyo mkiwa wawili riva na poti ni kubwa, karata yoyote inayoweza kumpiga mtu aliyekosa flashi ni karata ya kulipia. Jozi ya kati inatosha. Ree tupu isiyo na jozi mara nyingine inatosha.

Na kuhusu majuto. Mwaka 2015 Michael Bowling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwenye jarida la Science kwamba programu yao iitwayo Cepheus imeutegua mchezo wa limiti holdemu ya watu wawili. Sio kwa asilimia mia ya kihisabati, ila kwa ukaribu kiasi kwamba mtu acheze nayo maisha yake yote bado hataweza kuthibitisha kuwa ina udhaifu. Hakuna aliyeifundisha atupe lini alipe lini. Ilicheza yenyewe kwa yenyewe, na kila uamuzi ilikuwa inapima majuto, yaani ningechagua lile lingine ningepata zaidi kiasi gani, inajumlisha, afu safari ijayo inaelekea zaidi kule inakojuta. Nataka uone kwamba majuto yake yana uzito wa chipu, kutupa poti ya tisa kimakosa kunauma mara tisa kuliko kulipa moja kimakosa. Binadamu tuko kinyume, tunaona aibu kulipa tukapigwa kwa sababu watu wanaona, kutupa hakuna anayeona, tunajisifu tuna nidhamu. We juta, ila juta kwa mizani ya mashine.

Isipokuwa pale ambapo we ndo umebeti riva na mpole wa barua ya kwanza ndo kakureizi. Bei itakuwa rahisi vilevile na bado utapigwa karibu mara zote. Hapo tupa ulale.

*Mzee, nisaidie. Tulikuwa watu wanne karata ya nne, nina jozi ya juu kwini na kika (karata ya pembeni) ya kumi. Wa kwanza kabeti, wa pili kareizi, zamu yangu, na nyuma yangu kuna mmoja bado. Poti kubwa kweli kweli. Nikalipa maana si unasema poti ikiwa kubwa tulipe? – Katikati ya Fujo*

Sijasema hivyo mdogo wangu, na kama niliwahi kusema basi nilikuwa nimelewa usingizi.

Hapo haudaiwi beti moja, unadaiwa mbili kwa mpigo, afu wa kwanza anaweza kureizi tena, wa nyuma yako naye hujui ana nini, kwahiyo umelipa mbili na bado hujajua bei kamili. Ni kama kuingia dukani ukalipa kabla hawajakutajia. Na riva inakuja na beti yake. Kwini na kumi ni karata nzuri ya mtu mmoja dhidi ya mmoja, kwenye msongamano huo haina kazi.

Kuna jambo lingine kubwa zaidi. Mkwara unapigwa kwa mtu mmoja, mara chache wawili, haupigwi kwa umati. Yule aliyereizi anaona watu watatu mbele yake na bado kaongeza, anajua kuna atakayelipa, kwahiyo anataka alipwe. Vilevile riva, mtu akibeti na mwingine kati yenu akalipa kabla yako, aliyebeti anaweza kuwa anatisha lakini yule aliyelipa hatishi mtu, kalipa kwa sababu ana kitu. Unatakiwa umpige na yeye pia. Watu wanakimbilia kusema poti imeongezeka beti moja bei imeshuka, kweli imeshuka, lakini nafasi yako imeshuka zaidi ya bei. Jozi ya kati niliyomwambia dada alipie hapo juu, hapa naitupa bila kufikiri.

*Anko, nina kopa nne nasubiri ya tano na watu wanareizi reizi. Nitupe? – Kopa Nne*

Ukiwa karata ya nne zimebaki 46 usizozijua, kopa ni tisa, zinazokukosesha 37. Yaani mara nne za kukosa kwa kila moja ya kupata, na kidogo juu yake. Poti ikiwa zaidi ya mara nne ya unachodaiwa, lipa, ikiwa chini ya hapo anza kufikiria. Ukidaiwa beti mbili kwa mpigo poti iwe na nane na zaidi. Kwenye limiti hiyo hesabu inatimia mara nyingi sana, ndo maana flashi ya kusubiria huwa haitupwi ovyo huku kwetu. Wa streti (karata tano zinazofuatana) iliyo wazi pande zote mbili ana karata nane, bei yake ni karibu mara tano. Wa streti yenye tundu katikati ana nne tu, huyo anataka poti mara kumi na nusu na wengi wenu mnalipa mkiwa na mara tano mkijiambia leo ni siku yangu.

Punguza kidogo kama kopa zako ni ndogo na watu ni wengi, au kama meza imeshaweka jozi, maana unaweza kupata kopa yako ukapigwa na fulu (tatu za namba moja pamoja na jozi). Na ikikosa, imekosa. Riva usilipe kwa uchungu.

*Shikamoo anko. Kwenye meza ndogo nalipa vizuri tu, nimepanda meza kubwa zaidi naona kila nikireiziwa natupa. Najua hesabu lakini mkono hautoi chipu. Tatizo langu ni nini? – Mkono Mzito*

Marahaba. Tatizo lako ni hela, na nashukuru umekuwa mkweli maana wengi wakipanda meza wanasema wameanza kucheza kwa busara.

Kuna tajiri mmoja wa Texas mwenye benki, Andy Beal, kati ya 2001 na 2006 alikuwa anaenda Las Vegas kucheza limiti mmoja kwa mmoja na mabingwa wa kule, na mabingwa ikabidi wachange hela zao pamoja ndo wamudu kukaa naye. Alikuwa anataka meza ipande tu, ikafika mpaka dola 100,000 kwa 200,000, kwa wazo kwamba wale wataalamu hela ikianza kuwauma watacheza kwa woga. Na wazo lenyewe halikuwa la kijinga, kuna siku kweli waliumia na kuna siku aliwachapa. Lakini poti inapanda pamoja na beti. Kama ilikuwa moja kwa tisa kwenye meza ya 2/4, kwenye meza ya Beal ni moja kwa tisa vilevile. Februari 2006 alikutana na Phil Ivey, mmoja wa mabingwa hao, akaacha zaidi ya dola milioni 16 ndani ya siku chache.

We sio Ivey na mi pia sio. Kama mkono hautoi chipu pale ambapo hesabu inasema toa, kila mwenye macho mezani atakuona ndani ya saa moja na ataanza kukureizi na karata tupu, na atakuwa sahihi, maana unamtupia poti zaidi ya ile mara moja kati ya tisa. Kwahiyo meza kubwa sio tu inakuuma, inakutengenezea maadui ambao meza ndogo hukuwa nao. Shuka. Ukae kule mpaka beti moja ya riva ikawa haikuumi kuliko kukanyaga kijiti, afu ndo upande tena.

*Anko swali fupi. Nikitupa karata nzuri kwa sababu nimereiziwa, niwaonyeshe ili waone mi sio wa mchezo? – Mwenye Jozi Kubwa*

Usionyeshe. Ukifunua ree na kingi ulizotupa karata ya nne, wewe unadhani wameona ustadi, wao wameona mtu anayeweza kutupishwa karata nzuri kwa beti moja, na raundi inayofuata yule yule mpole wa barua ya kwanza atakuwa sio mpole tena.